Udaktari Ukiwa na Miaka Thelathini: Nani Atabeba Nyumba?



Ndugu yangu msomaji, dada yangu msomaji, mada niliyopewa ni hii: mtu aliyevuka miaka 25, au 30, au hata 40, na bado moyo wake unataka kusomea udaktari, afanye nini? Maneno haya niliyasema kwanza kwa mdomo mbele ya vijana wetu hapa Kericho baada ya tarawehe, kisha nikaombwa niyaandike kwa ajili ya jarida. Nimeyaacha karibu vile vile nilivyoyasema, kwa hivyo ukikuta lugha ya barazani humu ndani usishangae.

Utauliza, na ni haki yako kuuliza, kijana wa miaka 22 ana nini cha kusema kuhusu kuchelewa? Hata mimi nilijiuliza hivyo. Lakini wewe unajua mambo ya huku kwetu. Ukishaingia chuo kikuu tu, chuo chochote, somo lolote, basi wewe ndiye ofisi ya elimu ya mtaa mzima. Kila nikirudi likizo watu wananiletea vyeti vyao vya KCSE vilivyokunjwa mara nne ndani ya bahasha, wengine vya miaka kumi na tano iliyopita, wananiambia, "Hebu tazama hapa, ndugu yangu, hii inaweza kunifikisha wapi?" Mimi sisomei udaktari. Lakini nimelazimika kuulizia, kusoma, na kupanga foleni kwenye ofisi za watu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Nikueleze ni watu gani wanaouliza. Majina siyataji. Mmoja ni karani kwenye kituo cha kununulia majani chai, yule anayepima magunia na kuandika kilo. Ana miaka 31, mke, na watoto wawili. Kidato cha nne alipata wastani wa B, na hizo alama za biolojia na kemia ni nzuri, lakini mwaka ule hakuitwa udaktari, akaitwa kozi ambayo hakuitaka, na karo nayo ikakosekana. Wa pili ni dada yetu muuguzi, ana miaka 34 na watoto watatu. Amekaa wodini miaka kumi akiwaona madaktari wanagenzi wakiingia na kutoka, na wengine wao, anasema, yeye ndiye aliyewaonyesha mshipa wa kutundikia maji. Wa tatu ana miaka 26. Alikuwa anachuma chai kwenye shamba la kampuni mpaka mashine za kuchumia zikapunguza vibarua. Mnakumbuka Mei 2023 hasira ile ilivyofika mpaka mashine zikachomwa moto hapa hapa Kericho. Yeye ana wastani wa C.

Watu watatu, nyumba tatu tofauti, lakini swali lao ni moja: "Je, nimechelewa?"

Nami naona swali hilo limekaa upande. Nitakwambia kwa nini.

Kwanza tuulize huko kuchelewa kulitoka wapi. Nchi hii ilipopata uhuru mwaka 1963 haikuwa na chuo chake cha udaktari hata kimoja. Mkenya aliyetaka kuwa daktari alikwenda Makerere, au ng'ambo kama alikuwa na bahati. Kitivo cha udaktari cha Nairobi kilianza mwaka 1967. Halafu tukakaa na mlango huo mmoja mpaka Moi, kule Eldoret, ilipopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990. Sasa piga hesabu. Wazazi wetu wengi, hata waliokuwa na akili kuliko sisi, walikuwa wanagombania mlango mmoja kwa nchi nzima. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha masomo ya kujilipia, yale ya sambamba, na mtu mzima mwenye kazi yake akaweza kuingia darasani, mradi awe na pesa. Leo vyuo vimeongezeka: Egerton na Kabarak wako Nakuru, Maseno wako upande wa Kisumu, na vingine Nairobi na Thika. Kwa hivyo mtu wa miaka 40 anayesema "mimi nilichelewa", mara nyingi hakuchelewa. Alifika mapema, akakuta kumefungwa.

Pili, umri wenyewe. Sisi tuliopita madrasa tumezoea kusimuliwa habari za Ibn Sina, kwamba alianza tiba akiwa kijana mdogo wa miaka 16 hivi. Sawa. Lakini mbona hatusimuliwi sana habari za Abu Bakr ar-Razi? Huyu alizaliwa Rayy, karibu na Tehran ya leo, yapata mwaka 865. Waandishi wa zamani wa habari za matabibu wanasema aliingia katika elimu ya tiba akiwa mtu mzima, amevuka miaka 30, na wako wanaosema 40. Kabla ya hapo walimjua kwa muziki na kwa kemia ya wakati ule. Huyo aliyeanza ukubwani ndiye aliyekuja kusimamia hospitali ya Rayy na ya Baghdad, na ndiye aliyeandika kitabu cha kutofautisha ndui na surua, kilichosomwa Ulaya mamia ya miaka baada yake. Tena kuna Albert Schweitzer, Mjerumani wa Alsace, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu na mpiga kinanda mashuhuri. Mwaka 1905, akiwa na miaka 30, alikwenda kukaa darasani na vijana asomee udaktari. Mwaka 1913 akafika Lambaréné nchini Gabon, akafungua hospitali. Alifia huko mwaka 1965 akiwa na miaka 90. Mtu aliyeanza udaktari "kwa kuchelewa" akawa nao kwa zaidi ya nusu karne.

Wa karibu nasi kabisa alikuwa Priscilla Sitienei wa Ndalat, Nandi. Watu walimwita Gogo, yaani nyanya kwa Kikalenjin. Alikuwa mkunga wa kijiji kwa zaidi ya miaka 60. Uzeeni, amevuka miaka 80, akavaa sare akaingia shule ya msingi pamoja na vilembwe vyake, akasoma na watoto ambao baadhi yao yeye mwenyewe aliwapokea walipozaliwa. Alipoulizwa anataka kuwa nani, alisema angependa kuwa daktari, kwa kuwa alikuwa mkunga. Alifariki Novemba 2021 akiwa na miaka 99. Filamu ilitengenezwa juu yake na dunia ikaitazama. Daktari hakuwa. Lakini nataka ukae na habari yake kidogo, kwa sababu nitairudia kazi yake ya ukunga mbele huko.

Basi umri haumzuii mtu kuelewa mwili wa binadamu. Hebu tufanye hesabu ya yule karani wetu. Akianza akiwa na miaka 32, digrii ya udaktari hapa Kenya ni miaka sita, anafika 38. Mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini, 39. Kustaafu katika utumishi wa umma ni miaka 60, tangu serikali ilipopandisha kutoka 55 mwaka 2009. Zinabaki 21. Miaka 21 ya kutibu watu ni kidogo? Si kidogo hata kidogo.

Hapo ndipo wengi wanafunga hotuba, wanapiga makofi, watu wanakwenda nyumbani wamefurahi. Nimesikia pia ule usemi, kwamba miaka saba itapita tu, usome usisome, utafika 39. Ni kweli itapita. Lakini usemi huo haukusema unga wa miaka hiyo saba unanunuliwa na nani.

Ndugu yangu, hakuna udaktari wa jioni. Hakuna udaktari wa wikendi. Digrii nyingine za ukubwani unaweza kuzisoma usiku huku mchana uko kazini, lakini hii hapana. Miaka ya mwanzo uko maabara asubuhi na darasani mchana, unajifunza viungo, unajifunza mwili unavyofanya kazi, unajifunza kemia yake. Miaka ya mwisho uko wodini, na wodi haina Jumapili, haina Idi. Kwa hivyo karani akianza udaktari, mshahara wake wa ukarani unakufa siku hiyo hiyo. Si kwamba unapungua, unakufa. Na karo ya anayejilipia inahesabiwa kwa malaki kila mwaka, kwa miaka sita. Baba mwenye ekari moja ya chai anajua pesa zake zinavyokuja: kidogo kidogo kila mwezi, na bonasi mara moja kwa mwaka. Na bonasi yenyewe haiahidi mtu. Mwaka 2025 sisi wa magharibi ya Bonde la Ufa tuliona ilivyoshuka, wakulima wakafika barabarani. Mtu aliyepanga karo ya mwanawe kwa bonasi ya mwaka uliotangulia alijikuta wapi?

Tena usidhani ukimaliza miaka sita pesa zinakungoja mlangoni. Madaktari walipogoma mwaka 2024, siku 56 kuanzia Machi mpaka Mei, moja ya mambo makubwa ilikuwa malipo ya wanagenzi. Makubaliano ya mwaka 2017 yalisema shilingi 206,400 kwa mwezi. Serikali ikasema itatoa 70,000. Wakati huo wa mvutano, vijana waliokwisha kufaulu walikaa nyumbani miezi wakisubiri kupangiwa hospitali. Kijana wa miaka 25 anaweza kusubiri kwa mama yake. Baba wa watoto wawili mwenye miaka 38 atasubiri kwa nani?

Ndiyo maana nasema swali limekaa upande. Usiulize, "Nimechelewa?" Uliza, "Nani atabeba nyumba yangu miaka saba, na je, amekubali?"

Hilo neno "amekubali" ndilo zito. Nimezungumza na watu ambao wana mpango mzuri kichwani, wana daftari, wana hesabu, na mke hajaambiwa. Anakuja kuambiwa siku barua ya kuitwa imefika, na hapo akisema hapana anaonekana adui wa maendeleo. Hiyo si haki. Rudi kwa Schweitzer uone. Yule hakufanya peke yake. Helene, aliyekuja kuwa mkewe, alisomea uuguzi ili waende pamoja, na yeye mwenyewe Schweitzer alikuwa na jina tayari, akipiga kinanda mbele za watu na kuchanga pesa za hospitali. Tukisimulia kwamba alianza udaktari akiwa na miaka 30 na tukanyamaza kuhusu nani alikuwa nyuma yake, tutakuwa tumewadanganya vijana.

Na hapa nizungumze na akina dada, maana wao hesabu yao ni tofauti na wanaume hawapendi kuisikia. Dada yetu muuguzi ana mshahara unaolisha watu kadhaa. Akiwa mwanafunzi wa miaka sita, mshahara unakwenda, na kazi ya nyumbani haiendi. Usiku wa zamu nani yuko na mtoto wa mwisho? Mume anasema, "Soma tu, nitakusaidia." Msaada gani? Mwambie aseme kwa kinywa chake: nitapika siku hizi, nitapeleka watoto shule, nitakaa nao usiku huu na ule. Kama ni mama mzazi au mama mkwe atakayeshika watoto, naye aulizwe, asifanywe kama yaya asiye na kauli. Mimi sijaoa, na nilipofika hapa siku ile kule mbele akina mama walicheka na wazee wakaguna. Lakini wewe dada unajua nasema nini.

Sasa, pale ambapo nyumba haiwezi kubebwa miaka saba, je, mambo yamekwisha? Hapana, na sehemu hii nitaisema polepole kwa sababu ndiyo watu hawaijui.

Kuna jambo moja lazima ujiulize ukiwa peke yako, hakuna anayekusikia. Unachotaka ni kutibu, au ni kuitwa daktari? Si dhambi kupenda heshima. Huku kwetu daktari akija harusini anapewa kiti cha mbele. Lakini kama ni kutibu, mlango si mmoja. Ukienda zahanati yoyote ya mashambani, kuanzia Sotik mpaka Londiani, anayekupokea, akakupima, akakuandikia dawa, mara nyingi si daktari wa miaka sita. Ni tabibu, yule tunayemwita CO, au ni muuguzi. Tenwek kule Bomet, hospitali ambayo leo inafundisha madaktari kuwa wapasuaji, daktari wake wa kwanza wa kudumu alifika mwaka 1959. Kabla yake wauguzi ndio waliokuwa wakiangalia wagonjwa pale kwa miaka mingi. Na hapa Kericho, hospitali ya mashamba ya Brooke Bond iliweka hesabu ya wagonjwa wa malaria mwaka baada ya mwaka, hata mwaka 2002 watafiti walipobishana kama hali ya hewa ndiyo inayorudisha malaria katika nyanda za juu, hesabu za Kericho zilikuwa mezani mwao. Hesabu kama hizo zinaanzia kwa mtu aliyekaa na mgonjwa na kalamu. Na Gogo wa Ndalat, kwa mikono yake, alipokea watoto wa kijiji kizima bila cheti. Kazi hii ina ngazi nyingi, na ngazi ya chini yake si aibu.

Utabibu ni diploma ya miaka mitatu na mwaka mmoja wa mafunzo ya kazini. KMTC wanataka wastani wa C, pamoja na alama zinazokubalika katika biolojia, kemia, hisabati au fizikia, na lugha. Kijana wetu wa miaka 26 aliyetolewa shambani na mashine anaweza kuwa yuko ndani tayari na hajui! Karo yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya udaktari wa kujilipia, na KMTC wana kampasi Kapkatet, hatua chache kutoka kwetu. Litein, Kaplong na Tenwek nako kuna vyuo vya afya vya hospitali za misheni. Maombi ya KMTC siku hizi yanapitia KUCCPS, na wamekuwa wakipokea hata watu waliofanya KCSE miaka ya nyuma. Tena vyuo kadhaa vikuu humfungulia mlango wa udaktari mwenye diploma ya utabibu aliyefaulu vizuri. Masharti yanatofautiana kutoka chuo hadi chuo, kwa hivyo nenda ofisi ya usajili ya chuo chenyewe, uulize, uandikiwe. Faida ya njia hii ni moja kubwa: katikati ya safari una kazi. Ukiishia hapo, hukuishia njiani, umefika mahali.

Kwa muuguzi wetu pia, iko njia ambayo haiui mshahara. Mwaka 2005 AMREF pamoja na Baraza la Wauguzi walianza mpango wa wauguzi wenye cheti kusoma kwa kompyuta mpaka diploma, wakiwa kazini kwao, na maelfu wakapita. Ziko digrii za uuguzi za kujiendeleza pia. Mimi sisemi asiende kuwa daktari. Nasema achague akiwa ameona yote mezani.

Wengine wanafikiria Uganda. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilianza Mbale mwaka 1988, na kitivo chake cha udaktari, Habib, kiko Kampala. Viko na vyuo vingine huko, na Wakenya wengi wamesoma kule. Ni sawa, lakini kabla hujalipa hata shilingi moja, hakikisha kwa baraza la madaktari hapa Nairobi kwamba chuo hicho na kozi hiyo vinatambuliwa. Usihakikishe kwa dalali. Dalali anayekwambia "lipa leo nafasi zinaisha" mwache na nafasi zake.

Na ukisoma ushauri kwenye intaneti, angalia umeandikwa wapi. Mwingi ni wa Marekani. Kule udaktari unasomwa baada ya digrii ya kwanza, miaka minne juu ya minne, kwa hivyo mtu wa miaka 24 au 26 anayeanza kule hayuko nyuma ya mtu yeyote. Uingereza nao walifungua kozi fupi kwa wenye digrii nyingine kuanzia mwaka 2000. Sisi mfumo wetu ni wa kutoka sekondari moja kwa moja, na ukiwa na digrii ya ualimu wa biolojia bado utaanza karibu na mwanzo. Nguo iliyokatwa kwa mwili wa mtu mwingine itakubana kwapani.

Mikopo. HELB inatoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na vijana wetu wengi hili linawasumbua, wengine wameacha chuo kwa ajili yake, wengine wamechukua huku roho inawauma. Mimi si mufti. Muulize aliyesoma fiqhi akufahamu hali yako. Ninachosema kwa jamaa ya msikiti ni hiki: tunachanga haraka sana kwa harusi na kwa maziko, alhamdulillahi, na ni vizuri. Lakini watu ishirini wakichanga kila mwezi kwa mwanafunzi mmoja wa utabibu, kwa masharti ya kwamba akifanya kazi atamsomesha mwingine, kwa miaka mitatu hilo jambo linawezekana bila riba hata senti. Ukifanya hesabu kwa udaktari wa miaka sita ni mzigo mzito mara kadhaa, lakini kwa mmoja, pengine. Nimelisema hili mbele ya wazee wa kamati na sasa nimeliandika.

Neno moja kuhusu istikhara, kwa kuwa wengi wananijibu, "Nitaswali istikhara nione." Swali, ndugu yangu. Lakini mwalimu wangu wa madrasa alitufundisha kwamba istikhara ni ya mtu aliyekwisha kuulizia na kushauriana, kisha amekaribia kuamua. Mtu ambaye hajui karo ni kiasi gani, hajamwambia mkewe, hajui cheti chake kina nini, huyo kazi yake ya kwanza ni kupanda matatu.

Kama bado huna uhakika moyo wako unataka nini, jipime kwa bei nafuu. Kaa wiki moja na muuguzi au tabibu anayekubali, kwenye foleni ya wagonjwa wa nje, tangu saa mbili mpaka saa kumi. Au jitolee na wale wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba yao mwaka 2023, utembee nyumba kwa nyumba upime presha za wazee. Harufu ya hospitali, mtoto anayelia, mama anayekutukana kwa sababu dawa hakuna. Kama jioni unarudi nyumbani umechoka na bado unataka kurudi kesho, hiyo ni habari njema zaidi kuliko cheti chochote.

Mwisho ni la haraka, na tafadhali mwambie na jirani. Wako watu ambao kinachowazuia ni alama moja tu, kemia au biolojia, na wamekuwa wakisema mwaka ujao, mwaka ujao, nitarudia mtihani. Mtihani wa KCSE kwa wanafunzi wa mwisho wa 8-4-4 umepangwa kuwa mwaka 2027. Baada yao shule zinaendelea na mtaala mpya. Kama wewe ni wa kurudia, usingoje uone baada ya hapo itakuwaje. Usajili wa watahiniwa wa kibinafsi huanza mapema mwaka. Nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako, hapa Kericho, Bomet, Sotik, popote ulipo, ukiwa na kitambulisho na cheti chako cha zamani, uulize kituo cha kufanyia na ada. Majaribio ya maabara ya kemia na biolojia huwezi kuyasoma kwenye kitabu peke yake, kwa hivyo tafuta shule itakayokubali uingie maabara yake siku za Jumamosi. Wako walimu wa sayansi katika umoja wetu walioniambia watasaidia bila malipo baada ya Idi. Anayetaka aandike jina lake kwa katibu.